Bangili ya Kitanda Namba Arobaini

Njia ya kwenda Stahani sitaieleza. Kila niliyeanza kumsimulia alisinzia kabla sijavuka mpaka, na mimi sipendi kuongea na watu waliosinzia. Itoshe kujua kwamba nilifika, begi langu likafika, na kwamba nilikwenda kwa mwaliko wa Sikudhani, mwalimu wa hesabu ambaye zamani alikaa nyumbani kwangu alipokuja kusoma mjini kwetu.

Niseme pia mimi ni nani, maana itahitajika. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa mkaguzi wa mizani za masokoni. Nimeona mizani zilizotiwa sumaku chini ya sahani, mizani zilizofungwa uzi, na mizani nzima kabisa ambazo mwenyewe alikuwa anaziwekea kidole gumba. Kazi hiyo imenifanya niwe mgumu wa kuamini na mwepesi wa kukasirika. Tena mwili wangu, kwa kukaa sana na kula vizuri, si wa kukimbia. Magoti yangu nayo yana yao ya kusema.

Watu wa Stahani ni wapole kupita kiasi. Ukiangusha leso njiani, watu wanne watainama, kisha watabaki wameinama wakipishana, kila mmoja akimwachia mwenzake heshima ya kuiokota. Hawapandishi sauti. Hawakatai kitu moja kwa moja. Na sheria yao wanayoipenda kuliko zote imechongwa juu ya mlango wa hospitali kuu, maneno mawili tu: Mgonjwa Habebi.

Mgonjwa habebi kikombe, hunyweshwa. Habebi kijiko, hulishwa. Habebi hata habari zake mwenyewe, kwa kuwa kujieleza ni kazi. Daktari akitaka kujua mahali panapouma huwauliza jamaa, nao hujibu kwa mapenzi yao yote. Nilimwona mzee mmoja ameshika shavu lililovimba kama andazi, na mwanawe anamweleza daktari kwa unyenyekevu kwamba baba anasumbuliwa na goti. Mzee alitaka kusema neno, wakamtuliza.

Sasa, miaka sita kabla sijafika, Baraza la nchi liliagiza bangili za kupimia wagonjwa. Bangili hiyo haina waya hata mmoja. Ukiivaa, hupima mapigo ya moyo, presha, joto la mwili na hewa iliyomo kwenye damu, kisha hupeleka habari hizo kwa mawimbi mpaka Mnarani, jengo refu la vioo nyuma ya hospitali, ambako kuna ubao wenye taa moja kwa kila kitanda. Kijani ni salama. Njano ni nenda ukaangalie. Nyekundu ni daktari aje mbio. Nilikikagua kifaa kile kwa jicho la kazi na sikuona kasoro yoyote. Kwetu mgonjwa huweza kuzidiwa nesi akiwa kitanda cha mwisho, asijue mpaka amfikie. Kwa bangili hii angejua kabla mgonjwa hajaita.

Lakini bangili zilipowasili, mjumbe mmoja wa Baraza alisimama akauliza: je, huu si mzigo? Mizani ikaletwa. Gramu thelathini na moja. Wakajadili siku tisa. Upande mmoja ulisema mgonjwa hubeba shuka zito zaidi ya bangili hiyo. Upande wa pili ulijibu kwamba shuka humlalia mgonjwa, halibebwi, na kwamba sheria haikutaja gramu. Siku ya tisa wakapatana kwa namna isiyomuudhi mtu: bangili zitumike, kwa kuwa zimekwisha kufika, na mgonjwa asizibebe, kwa kuwa ndiyo sheria. Atavaa ndugu yake kwa niaba yake.

Sikudhani aliponisimulia hayo nilicheka. Yeye hakucheka, basi nikanyamaza.

Hao wanaovaa huitwa Wabebaji, na wana baraza yao upande wa bustani, yenye viti vya kuegemea na kahawa isiyokwisha. Ukoo humchagua aliye mzima kuliko wote, maana kumpa mgonjwa mbebaji dhaifu ni kumdharau. Nilikuta pale wacheza mpira, wapasua mbao, na mama mmoja mkulima ambaye angeweza kunibeba mimi na kiti changu, wote wamekaa kimya wanapumua vizuri kwa ajili ya shangazi na babu zao. Kule Mnarani taa mia nne zilikuwa kijani tupu. Nilimuuliza karani kama basi hospitalini mle hafi mtu. Akanijibu kwa adabu kwamba wanakufa, tena si haba, akanifungulia daftari nione. Mbele ya kila jina palikuwa pameandikwa: Amefariki akiwa na afya njema.

Wiki ya pili ya ziara yangu, mama yake Sikudhani, Bi Siwema, alifanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Alikuwa mtu wa miaka sabini, aliyepikia watoto wa shule maisha yake yote, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka mtaa wa pili akaitika. Nilimpenda siku ya kwanza tu, kwa sababu aliniambia chai yangu ni mbaya. Katika nchi ile ya watu wapole hakuna mwingine aliyewahi kuniambia ukweli wowote. Upasuaji ulikwenda vizuri. Madaktari wa Stahani ni mabingwa, mikono yao sina la kuisema.

Asubuhi yake Sikudhani aliniletea bangili juu ya sinia, imefunikwa kitambaa cheupe. Akapiga goti.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema.

Methali hiyo nimeitumia umri wangu wote, na hakuna aliyewahi kunitaka niitekeleze. Nilijaribu kujitoa. Nikasema mimi nina presha, nikasema magoti, nikasema wapo vijana.

"Mama mgeni," akasema, "kwetu mgeni ni ndugu wa kwanza. Ukikataa, watu watadhani humtakii mama mema."

Nikanyoosha mkono. Bangili ikajifunga kwa kufuli, na ufunguo hukaa Mnarani. Haifunguliwi mpaka mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani, au azikwe.

Mchana ule walinikaribisha samaki wa kukaanga na achari ya ndimu, nami nikala kama mtu aliyealikwa. Baadaye nilipokwenda wodini nilimkuta nesi wa zamu, binti mmoja mtulivu aitwaye Tunu, anamalizia kumpa Bi Siwema dawa. Nikamuuliza kuna nini.

"Presha yake ilipanda, mama. Tumempa vidonge vya kuishusha."

Bi Siwema, ambaye presha yake haikuwa na neno, alishikwa na kizunguzungu na hakuinua kichwa mpaka jua linazama. Kwanza niliona aibu. Kisha nikaona hasira, na hasira yangu haikai ndani, basi nikaenda nayo Mnarani.

Mkuu wa Mnara, Bwana Machano, alinipokea mwenyewe na kunivutia kiti. Ni mtu mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, wa aina ile ambayo ukigombana naye unajiona wewe ndiye huna adabu.

"Kifaa kimekosea, mama?"

"Hakijakosea. Kimempima samaki wangu barabara."

"Basi kosa liko wapi?"

"Aliyekula ni mimi, na aliyemeza dawa ni Bi Siwema."

Akageukia ubao. "Lakini dawa imeshusha presha, au haikushusha?"

"Presha ya nani, Bwana?"

"Ya kitanda namba arobaini." Akanionyesha. Kweli ilikuwa imeshuka, kwa sababu baada ya kula nilijilaza kidogo.

Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema methali hiyo hata wao wanayo, na ndiyo maana wao hawafichi kitu: ubao uko wazi, na kila Ijumaa raia wanaruhusiwa kuja kuutazama. Nikamwomba basi jambo moja tu, anifungulie, mgonjwa avae mwenyewe. Alinitazama kama nimemwambia amvue nyanya yake nguo hadharani. Akanisimulia, kwa huzuni, kwamba palikuwa na nesi aliyewahi kumvalisha mgonjwa. Taa iliwaka nyekundu mara sita kwa siku moja. Mji ulitaharuki. Nesi akapelekwa kufua mashuka miezi minane.

"Na mgonjwa?"

"Alipona," alisema Bwana Machano. "Lakini mabinti wa ukoo ule mpaka leo hawaposwi."

Nesi mwenyewe, nilikuja kuambiwa, ndiye Tunu.

Kuanzia siku hiyo nilikula uji usio na chumvi na nikatembea kama bibi harusi. Sikupanda ngazi, sikubishana na mtu, nikajizuia hata kuwaza habari za wauza nyama ninaowajua. Nilikuwa naogopa kumuua Bi Siwema kwa kijiko cha achari. Bangili ilinipenda. Kila saa Tunu alipita na kishikwambi chake na kusoma: mapigo sabini na mbili, hali njema.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, niliingia wodini, na nilipomwona Bi Siwema roho ikaniruka. Uso ulikuwa wa majivu, midomo mikavu, jasho limemtoka na mkono wake ni baridi. Sikudhani alikuwa kando yake anampepea. Nikafanya jambo lisilofanywa Stahani, nikamuuliza mgonjwa.

"Bi Siwema, unajisikiaje?"

"Tumbo limekaza, mdogo wangu." Ile sauti ya kuita mtaa wa pili sasa ilinibidi niinamie kuisikia. "Naona giza."

"Mama, usijichoshe," alisema Sikudhani, akazidi kumpepea kwa kipepeo chake.

Tunu alikuja, akasoma kwa sauti: mapigo sabini na nne, presha njema, joto la kawaida. Lakini macho yake hayakuwa kwenye kishikwambi. Yalikuwa usoni kwa Bi Siwema.

"Mwite daktari," nikamwambia.

"Taa ni kijani, mama. Kumwita daktari kwa taa ya kijani ni kusema kwamba mbebaji ni mwongo."

"Niite mwongo, mwanangu. Wauza nyama wameniita makubwa zaidi ya hayo."

"Hata nikikuita, hawatakuja. Nimewahi kujaribu. Wanakuja kwa taa tu."

Niliivuta ile bangili mpaka ngozi ikachubuka. Haikutoka. Bi Siwema alikuwa amefumba macho, na pale nilipokuwa nimesimama, mzima wa afya, nilikuwa ndicho kitu kinachomzuia kupata daktari. Nimewakamata watu wengi wenye vidole juu ya mizani katika maisha yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja kidole kitakuwa mimi.

Hospitali ile ina ngazi sitini na mbili kutoka chini mpaka paa. Sikuzihesabu kwa kupenda. Nilivua viatu, nikajifunga kanga kiunoni, nikaanza kupanda mbio.

Jamani, mtu asidharau ngazi. Kufika juu mara ya kwanza nilikuwa nahema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima, na nilipochungulia Mnarani, taa ya arobaini bado kijani, maana mashine ile ina subira na hungoja ione kama jambo litaendelea. Nikashuka. Nikapanda tena. Wabebaji walitoka barazani mwao na vikombe mikononi. "Mama, unamuua mgonjwa wako," alisema yule mkulima, tena kwa upole, akanipa kahawa. Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Niliogopa moyo wangu usije ukapasuka, nalisema wazi, lakini niliogopa zaidi kufika juu nikiwa bado kijani. Safari ya pili ikawaka njano. Ya tatu nilipanda kwa mikono na miguu, na nilipofika ngazi ya mwisho ndipo king'ora kikalia na taa nyekundu ikawaka.

Niliteremka kwa makalio, ngazi moja moja, kwa sababu magoti yalikuwa yamekataa kabisa. Nilipofika mlangoni mwa wodi, daktari alikuwa amekwisha fika na wasaidizi wawili.

"Mapigo mia moja arobaini na moja," alikuwa anasoma. "Sindano ya kutuliza moyo."

Nikataka kupiga kelele kwamba moyo huo ni wangu. Sauti haikutoka. Nilishika mlango nikifungua na kufunga mdomo kama samaki, na sindano ikaanza kushuka kuelekea mkono wa Bi Siwema. Sitaisahau dakika ile. Nilikuwa nimemletea daktari, na daktari alikuwa amemletea kifo.

Tunu akamshika daktari mkono.

Katika nchi ile hakuna anayemshika daktari mkono. Wasaidizi walitazama sakafu. "Samahani sana, daktari," alisema Tunu. "Mguse kwanza."

"Nimguse kwa nini? Namba ninazo." Lakini hakumsukuma, kwa kuwa ni Mstahani, akafanya kama sheria inavyotaka: akamgeukia jamaa. "Binti yake anasemaje?"

Sikudhani alikuwa amesimama na kipepeo chake. Siku nne zote, kila alipoulizwa, alijibu kwamba mama hajambo, anashukuru. Nilimwona anatazama mlango, ambako Wabebaji walikuwa wamejazana wanasikiliza, akawatazama mmoja mmoja, watu wa mtaani kwake wote. Kisha akaweka kipepeo chini.

"Muulizeni mwenyewe," alisema.

Daktari aliinama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza, maana hakujua aweke wapi sikio. Midomo ya Bi Siwema ikacheza. Daktari akafunua shuka, akaweka kiganja juu ya tumbo, na uso wake ukabadilika. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao na bandeji imelowa damu. Sindano akaitupa kwenye beseni. Baada ya hapo hapakuwa na mjadala tena, palikuwa na magurudumu ya kitanda yanayokimbia kuelekea chumba cha upasuaji.

Mshipa mmoja ndani ulikuwa umeachia. Waliufunga, wakamwongeza damu, na daktari alituambia kwamba angechelewa robo saa asingemkuta. Sikudhani alinilalia begani akalia mpaka kanga yangu ikalowa. Nami nililia, nikisingizia magoti.

Siku ya tatu baada ya hapo Bi Siwema akawa anakaa, ameegemea mito miwili, bado dhaifu, ila sauti imeanza kurudi. Aliniita karibu akataka nimweleze yote yaliyopita, nami sikuficha kitu, hata samaki nilimtaja. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Tulikuwa bado tumekaa hivyo alipoingia Bwana Machano na wajumbe wawili wa Baraza.

Alikuja kutoa pongezi. Baraza, alisema, limepokea kwa furaha habari kwamba bangili imeokoa maisha, na limejadili funzo la tukio hili kwa siku mbili. Tangu sasa kila wodi itakuwa na mkimbiaji wake, kijana wa mbio aliyethibitishwa, ambaye jamaa wakiona mgonjwa amezidiwa watampelekea maombi, naye atavaa na kukimbia, ili mgonjwa apate haki yake ya taa nyekundu. Bangili yangu itawekwa Mnarani ndani ya kioo. Akanifungulia kwa ufunguo mdogo wa shaba, akaniinamia, akatoa bangili mpya juu ya sinia, na kumwonyesha mlangoni kijana mmoja mrefu mwenye mapaja ya mwanariadha, anayengoja kuvalishwa kwa niaba ya kitanda namba arobaini.

Nilikuwa na bakuli la uji mkononi na nilitaka kulirusha. Nasema kweli, nililipima uzito.

"Ilete hapa," alisema Bi Siwema.

Watu wote wakageuka. Alikuwa ametoa mkono wake nje ya shuka, mkono mwembamba wenye alama ya dripu, kiganja juu.

Bwana Machano alitabasamu kwa huruma. "Bibi, huo ni mzigo."

"Nimebeba mimba sita, Bwana. Ilete."

Wajumbe walikohoa. Kule mlangoni Wabebaji walianza kunong'ona, na uso wa Sikudhani ukaiva kwa haya. Akamwinamia mama yake, karibu na sikio, lakini sote tulimsikia.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watasema ninaumwa," alisema Bi Siwema. "Na kweli ninaumwa."

Mkono ulikuwa bado umenyooshwa. Sikudhani aliutazama. Kisha akaichukua bangili kutoka kwenye sinia la Bwana Machano, hakuomba ruhusa, akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa mama yake na kukivuta chini ya shuka kisipate baridi.

Dirishani tuliona ubao wa Mnarani. Taa ya arobaini ikazimika, ikafikiri kidogo, ikawaka njano, peke yake kati ya taa mia nne. Nesi Tunu aliingia wodini bila kukimbia, akavuta kiti, akakaa karibu na mgonjwa, akamuuliza panauma wapi.